Somo la Afya: Upasuaji wa Kongosho, Maombi na Mkono wa Aliyepitia

Wakazi wengi hulisikia jina la kongosho kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa kwamba lina uvimbe. Si kiungo kinachotajwa kwenye mazungumzo ya kila siku kama moyo, ini au figo. Limejificha nyuma ya tumbo la chakula, lina urefu wa takriban sentimita 15, na lina kazi mbili kubwa: kutoa maji yanayomeng'enya chakula, hasa mafuta, na kutengeneza insulini inayodhibiti sukari mwilini.

Mgonjwa anayeambiwa kwamba kongosho lake linahitaji kupasuliwa hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Kwanza ni ugonjwa asioujua. Pili ni operesheni kubwa ambayo hakuna jirani aliyewahi kumsimulia. Ndipo familia, kanisa, msikiti na watu waliopitia njia hiyo wanapoingia, wengine kwa manufaa na wengine kwa hasara. Somo la toleo hili linaeleza upasuaji wenyewe ulivyo, na jinsi imani na wenzake mgonjwa wanavyoweza kumfikisha mezani kwa wakati na kumshika mkono baada ya hapo.

Dalili zisizosubiri

Mfereji unaoleta nyongo kutoka kwenye ini hupita ndani ya kichwa cha kongosho kabla ya kumwaga utumboni. Uvimbe ukiota hapo huubana, na nyongo hurudi kwenye damu. Macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama strungi, choo hupauka, na mwili huwasha hata usiku mtu halali. Dalili nyingine ni kukonda bila sababu, maumivu ya juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, na kisukari kinachomwanza ghafla mtu wa makamo ambaye amekuwa akipungua uzito.

Dalili hizi si lazima ziwe saratani. Mawe kwenye kifuko cha nyongo na magonjwa ya ini pia huleta macho ya manjano. Lakini hakuna anayeweza kutofautisha kwa kutazama tu, na wagonjwa wengi hupoteza wiki kadhaa wakitibiwa malaria au wakiambiwa ni nyongo tu, itashuka. Picha ya ultrasaundi hutoa mwanga wa kwanza, kisha skani ya CT huonyesha kama uvimbe upo, uko wapi na umegusa nini.

Kati ya wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho, takriban 8 hugunduliwa wakati ugonjwa umeshaenea au umeshikana na mishipa mikubwa ya damu kiasi kwamba upasuaji wa kuuondoa hauwezekani. Kwa hivyo yule anayeambiwa na daktari kwamba bado anaweza kupasuliwa amepewa habari nzuri, hata kama masikioni mwake haisikiki hivyo. Ni nafasi ambayo wachache huipata, na inazidi kuwa finyu kadiri wiki zinavyopita.

Kinachofanyika mezani

Operesheni inayofanywa uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho huitwa Whipple, kwa jina la daktari mpasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliyeieleza mwaka 1935. Madaktari huondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na kipande cha mfereji wa nyongo. Wakati mwingine huondoa pia sehemu ya tumbo la chakula. Baada ya kukata huanza kazi ya kuunganisha upya: kongosho lililobaki hushonewa kwenye utumbo, mfereji wa nyongo vilevile, kisha tumbo la chakula. Kwa kawaida kazi yote huchukua saa 4 hadi 8, na wakati mwingine zaidi. Familia inayosubiri nje haifai kuhesabu saa kuwa ni dalili mbaya.

Muungano unaowanyima wapasuaji usingizi ni ule wa kongosho. Nyama yake ni laini, na maji yake yameumbwa kumeng'enya nyama. Yakivuja huweza kuleta usaha na hata kutoboa mishipa ya damu. Ndiyo maana mgonjwa huamka akiwa na mirija ubavuni, ili madaktari waone kinachotoka.

Miongo michache iliyopita, katika hospitali nyingi duniani, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikufa kutokana na operesheni hii. Leo, katika hospitali zinazoifanya mara nyingi, wanaokufa ni chini ya 5 katika kila 100. Mazoea ya timu nzima yana mchango mkubwa katika tofauti hiyo: mpasuaji, mtoa nusukaputi, na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi wanaojua dalili ya kwanza ya kuvuja. Hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, hapa mnafanya operesheni hii mara ngapi kwa mwaka?" Swali hilo si utovu wa adabu. Daktari mzuri hulijibu, na ikiwa jibu ni dogo, humwandikia mgonjwa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye uzoefu zaidi. Hospitali za rufaa za kitaifa, kama vile Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret, zipo kwa ajili ya kesi za uzito huu.

Maombi na kalenda ya daktari

Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, aligunduliwa uvimbe wa kongosho Oktoba 2003. Ulikuwa wa aina adimu inayokua polepole, ambayo mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Madaktari walimshauri apasuliwe. Alikataa kwa takriban miezi 9, akajaribu kwanza lishe maalumu na tiba mbadala, kisha akapasuliwa Julai 2004. Alifariki Oktoba 2011 akiwa na miaka 56. Hakuna anayeweza kuapa kwamba miezi ile ndiyo iliyomgharimu maisha, lakini kama tajiri wa kiwango chake aliweza kuahirisha kisu kwa kukiogopa, si ajabu mkulima wa kijijini akifanya hivyo.

Hapa ndipo viongozi wa dini wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Mgonjwa aliyetishika humwendea mchungaji, padri au imamu kabla ya kurudi kwa daktari. Kiongozi akimuuliza, "Umepangiwa siku gani?", mgonjwa huelewa kwamba hospitali na ibada ziko njia moja. Akimwambia asubiri mfululizo wa ibada za uponyaji kwanza, au akimdokezea kwamba kukubali kisu ni upungufu wa imani, basi amemwondoa kwenye foleni iliyokuwa ngumu kuingia. Wapo pia wanaomtafutia mgonjwa kosa alilotenda au jirani aliyemroga. Kwa mtu ambaye usiku halali kwa kuwashwa, hiyo si faraja.

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,800 waliopasuliwa moyo. Baadhi yao waliombewa na vikundi vya waumini wasiowafahamu. Maombi hayo hayakupunguza matatizo ya baada ya operesheni, na waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo. Mmoja wa watafiti alidokeza kwamba huenda mgonjwa aliingiwa na hofu: nimezidiwa kiasi gani hata nikaitiwa kikosi cha waombaji? Matokeo haya yamewahi kutumiwa kuwakejeli waumini, jambo ambalo si haki. Kilichopimwa ni maombi ya watu wa mbali. Hakikupimwa kile ambacho wauguzi hukiona wodini kila siku: mtu wa karibu anayekuja jioni kabla ya operesheni, anasali kwa sauti ya chini pamoja na mgonjwa, kisha anabaki ameketi wala hasemi neno.

Kuna mambo manne ya kidini ambayo ni heri yazungumzwe mapema. La kwanza ni kufunga. Anayesubiri operesheni hii mara nyingi amekonda, na mwili uliokonda hupona vibaya. Asifunge kwa maombi. Wenzake wafunge kwa niaba yake ikiwa wamejaliwa. Muislamu mgonjwa ameruhusiwa kutofunga Ramadhani, na aliyetolewa sehemu ya kongosho asirudie saumu kabla ya kushauriana na daktari wake, kwa sababu sukari yake inaweza kuyumba.

La pili ni damu. Upasuaji mkubwa unaweza kuhitaji kuongezewa damu, na muumini ambaye imani yake haikubali, kama vile Mashahidi wa Yehova, amweleze daktari wiki kadhaa kabla ya siku, si akiwa ameshalazwa kwenye machela. Wapo wapasuaji wanaoweza kupanga njia nyingine wakipewa nafasi, kwa mfano kuiongeza damu ya mgonjwa mwenyewe kwa dawa kabla ya operesheni. Kwa waumini wengine wote, kutoa damu ni msaada unaopita kadi ya pole. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa. Kwaya ya watu 20 ikienda benki ya damu Jumamosi moja, itakuwa imefanya kazi.

La tatu husahaulika hadi mgonjwa anapofika dirisha la dawa. Wengi waliopasuliwa kongosho huhitaji vidonge vya kusaidia kumeng'enya chakula, pengine maisha yao yote, na vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Waislamu na Waadventista wengi hushtuka wakigundua hilo. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya aina hiyo kwa msingi wa dharura pasipo na mbadala, lakini ni bora mgonjwa asikie hivyo kutoka kwa imamu wake mwenyewe, kabla ya upasuaji. Ambaye hajapata jibu huacha vidonge kimyakimya, kisha hudhoofika huku familia ikidhani saratani imerudi.

La nne ni pesa. Watu huchangia jeneza kwa wepesi kuliko wanavyochangia skani. Harambee ya kijiji ikifanyika mwanzo, ikalipia nauli, vipimo na mtu wa kulala karibu na hospitali, huenda ile nyingine isihitajike. Mgonjwa na familia wahakikishe pia kwamba wamesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na kwamba mchango wao umelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Operesheni huhitaji idhini ya SHA kabla ya kufanywa, kwa hivyo ofisi ya bima ya hospitali itembelewe mara tu tarehe inapotajwa, na mgonjwa aulize ni kiasi gani kitakachobaki juu yake.

Aliyepitia

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Si methali ya kutamkwa wodini, lakini ukweli wake mgonjwa anauhisi. Daktari anajua operesheni, mchungaji anajua Maandiko, mke anajua mume wake, na bado hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamka na mirija minne mwilini.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 60, mkulima wa minazi, aliyepangiwa operesheni wiki mbili zijazo. Ameelezwa kila kitu na kutia sahihi, lakini hajauliza chochote. Akiketi na mama aliyefanyiwa operesheni hiyo mwaka uliopita, maswali huanza kutoka.

"Mama, mrija wa puani unauma?"

"Unaudhi, baba, hauumi. Kinachouma ni kukohoa. Shika mto tumboni ndipo ukohoe. Na siku ya pili watakuja wakuambie usimame. Utaona wamekosa huruma. Wewe simama."

"Na chakula?"

"Mimi nilitapika karibu wiki mbili. Mwanangu akalia, akajua imeharibika. Kumbe tumbo lilikuwa bado halijaamka."

Alichosema mama huyo kuhusu kutapika kinajulikana vizuri na madaktari. Kwa baadhi ya wagonjwa tumbo la chakula huchelewa kurudia kazi yake, siku kadhaa au hata wiki, na huisha lenyewe kwa uangalizi. Daktari hulitaja kama mojawapo ya matatizo 10 yanayoweza kutokea. Aliyepitia hulitaja kama jambo lililompata na likaisha, na ndilo mzee atakalokumbuka usiku wa siku ya tano.

Kumpata mtu kama huyo si rahisi, kwa sababu operesheni hii si ya kila siku. Njia ya kwanza ni kumuuliza mpasuaji au muuguzi wa kliniki kama yupo mgonjwa wa zamani aliyekubali kuzungumza na wengine, hata kwa simu. Benchi la kliniki ya upasuaji nalo ni kikundi ambacho hakijasajiliwa popote. Anayekuja kukaguliwa hukaa na anayekuja kupangiwa, na mazungumzo huanza. Afisa wa ustawi wa jamii hospitalini anafahamu vikundi vilivyopo. Shirika la Faraja Cancer Support Trust jijini Nairobi hutoa ushauri na huduma za kuwatuliza wagonjwa wa saratani, nao mtandao wa KENCO huunganisha mashirika ya saratani nchini. Asipopatikana wa kongosho, aliyefanyiwa operesheni nyingine kubwa ya tumbo anafaa kwa mengi.

Msaidizi naye ana mipaka. Asiahidi kwamba matokeo yatakuwa kama yake, maana uvimbe hutofautiana: wa mlango wa mfereji wa nyongo kwa kawaida huwa na matumaini zaidi kuliko wa kongosho lenyewe, na baadhi ya wanaofanyiwa operesheni hii hawana saratani kabisa. Asigawe dawa zake. Asiorodheshe waliokufa. Na akiona mgonjwa anachoka, aage. Hili la mwisho linawahusu pia wageni 15 wa jumuiya wanaojaa wodini saa ya kuwaona wagonjwa. Wawili wanatosha, na mikono inawiwe.

Wiki za kabla na miezi ya baada

Wiki za kusubiri zina kazi. Anayevuta sigara aache leo, kwa kuwa mapafu yake yatahitajika. Atembee kila siku kadiri awezavyo. Ale mara nyingi kidogo kidogo, hasa mayai, samaki, maharagwe, ndengu na maziwa kama tumbo linakubali. Dawa za mitishamba anazotumia azitaje zote kwa daktari, kwa maana baadhi huzuia damu kuganda. Asiyeweza kulala kwa hofu aseme pia. Ipo msaada wa hilo.

Kukaa hospitalini kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili, zaidi kama kuna kuvuja. Lakini kupona nyumbani huchukua miezi, na hapo ndipo wageni hupungua na simu kunyamaza. Mgonjwa huchoka kwa kuoga tu. Hamu ya kula haipo, na familia huanza kugombana naye mezani. Sahani ndogo mara sita kwa siku humfaa kuliko sahani mbili zilizojaa. Vidonge vya kumeng'enya humezwa pamoja na chakula, mwanzoni na katikati ya mlo, si baadaye. Choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, ni ishara kwamba dozi haitoshi. Aende kliniki badala ya kuacha kula. Sukari ipimwe. Homa, kidonda kinachotoa usaha, macho kurudi manjano, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, ni mambo ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo.

Wenye saratani wengi hupewa pia dawa za kemikali baada ya upasuaji, kwa sababu kisu pekee huacha mbegu zisizoonekana. Hata baada ya operesheni iliyofanikiwa, takriban mmoja kati ya watano wenye saratani ya kongosho ndiye huwa hai miaka 5 baadaye, na tiba hiyo ya ziada huongeza nafasi. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kwa upole akitaka kujua, na asilazimishwe kujua asipotaka.

Hutokea pia kwamba mpasuaji anafungua tumbo na kukuta ugonjwa umeenea kuliko skani ilivyoonyesha. Hushona na kufunga. Mgonjwa huamka akiuliza kama imetoka. Familia nyingi hudanganya hapo, na kiongozi wa dini huombwa adanganye pia. Ni heri asikubali. Mtu anayejua hali yake hupata nafasi ya kupatana na ndugu, kugawa shamba, kuungama au kutubu. Maumivu yake yanaweza kutulizwa vizuri na wahudumu wa hospisi, ambao siku hizi wapo katika kaunti nyingi. Hospisi ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianza mwaka 1990. Mama yule wa mirija minne anaweza kuendelea kuja.

Mkazi mwenye dalili zilizotajwa aanze katika zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu, ambako huduma ya msingi haina malipo kwa aliyesajiliwa na SHA, au amwite mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Aseme tangu lini macho yalibadilika, na kama kuna kumbukumbu za vipimo vya awali, azibebe.